Likizo ya Familia Ng'ambo ya Mto Songwe: Maandalizi, Hoteli ya Ufukweni na Ununuzi Sokoni

Familia nyingi za Mbeya zikiwaza likizo ya nje ya nchi huwaza ndege, na nauli ya ndege ndiyo huiua safari kabla haijaanza. Ilhali ukiteremka kutoka Uyole kupitia Tukuyu hadi Kasumulu wilayani Kyela, kisha ukavuka Mto Songwe, umeingia Malawi, kwenye fukwe za ziwa lile lile ambalo sisi tunaliita Nyasa na wenyeji wako wataliita Ziwa Malawi. Maelezo haya yamekusudiwa mzazi anayetaka kukaa na watoto wake siku tano au sita katika hoteli ya ufukweni, na kununua sokoni vitu ambavyo nyumba itaendelea kuvitumia.

Shughuli ya hati ianze miezi miwili kabla. Kila mtoto, hata anayenyonya, anahitaji pasipoti yake mwenyewe, ambayo ada yake ni shilingi 150,000. Mtanzania anayekwenda Malawi kwa matembezi haombi viza. Mzazi anayesafiri na watoto bila mwenzake abebe vyeti vyao vya kuzaliwa pamoja na barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki. Mwenye gari binafsi akate bima ya gari ya COMESA (jumuiya ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika) inayoitwa kadi ya njano, na asiichanganye na kadi nyingine ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo nayo inafaa iwe mkononi kwa kila msafiri. Jazeni mafuta upande wetu wa mpaka, kwa kuwa Malawi imekuwa ikikumbwa na uhaba wa mafuta mara kwa mara.

Likizo ya shule ya mwezi Juni inafaa zaidi kuliko ya Desemba, ambayo huangukia kwenye mvua. Hata hivyo, kuanzia Mei hadi Agosti huvuma upepo wa kusi, ambao huko wanauita mwera, na siku unapovuma kwa nguvu mawimbi huwa makubwa kiasi kwamba mtoto hapaswi kuingia majini. Kabla ya kuruhusu watoto kuogelea, waulizeni wavuvi kila asubuhi.

Katika kuchagua hoteli, tazama umri wa watoto kabla ya kutazama uzuri wa picha. Nkhata Bay, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 50 kutoka Mzuzu, mji mkubwa wa kaskazini mwa Malawi, ina mandhari ya kupendeza sana, lakini ufuko wake una mawe na maji huwa na kina kirefu hatua chache tu kutoka ukingoni, kwa hiyo panawafaa vijana wanaojua kuogelea. Mwenye watoto wadogo asogee kusini zaidi hadi Chintheche, ambako kuna mchanga mpana na maji mafupi. Kwa watu wasiopenda safari ndefu, Chitimba iko karibu zaidi na Karonga, mji mkubwa wa kwanza baada ya mpaka, na juu yake mlimani kuna Livingstonia, mji wa kimisheni ulioanzishwa mwaka 1894, unaofikiwa kwa barabara ya kona kali ambayo watoto wangu hawajaacha kuisimulia. Kabla ya kulipa, uliza mambo manne: kama kila kitanda kina chandarua, kama kuna jenereta umeme unapokatika, kama ufuko uko mbali na matete na midomo ya mito, ambako huwa kuna kichocho na wakati mwingine mamba, na kama bei inajumuisha chakula chote. Mimi hulipia kitanda na kifungua kinywa tu. Familia iliyolipia milo mitatu haitoki hotelini, na isipotoka hotelini hailioni soko.

Soko liende siku ya pili, wala lisiachwe hadi saa ya mwisho mkiwa mmeshafunga mizigo. Siku hiyo ya kwanza sokoni msinunue kitu. Tembeeni, ulizeni bei kwa wauzaji watatu au wanne, mrudi hotelini mkazungumze. Fedha za soko zitengwe tangu nyumbani katika bahasha yake, na kila mtoto apewe kiasi chake kidogo cha kwacha akisimamie mwenyewe. Badilisheni fedha benki au kwenye duka la kubadilisha fedha lenye kibali. Vijana wanaokimbilia magari mpakani huhesabu noti haraka sana, na sheria haiko upande wako ukipunjwa. Bei za zamani ulizosimuliwa na jirani usizitegemee, kwa kuwa mwezi Novemba 2023 thamani ya kwacha ilishushwa kwa asilimia 44.

Lugha si kikwazo. Karonga wafanyabiashara wengi wanajua Kiswahili, na Mnyakyusa atasikilizana na Wangonde karibu kama yuko kwao. "Ndaga" yake itapokelewa vizuri. Ukishuka kuelekea Mzuzu, Kitumbuka ndicho kinachotawala, na mgeni anayeanza kwa "muli uli?" na kumaliza kwa "yewo" huuziwa kwa uso mkunjufu. Salimu kwanza, uliza hali, ndipo uulize bei, kama tufanyavyo sokoni Mwanjelwa.

Nunua kisichopatikana kwenu. Mchele wa Karonga ni mzuri, na mbegu inayosifiwa huko inaitwa Kilombero, lakini sioni sababu ya kupita Kyela na gunia la mchele wa kigeni. Vitenge, kahawa ya Mzuzu, na vinyago vya mbao vya Nkhata Bay ndivyo vinavyostahili nafasi kwenye buti. Kuna pia kiti cha mbao mbili zinazochomekana, chenye mgongo uliochongwa picha, ambacho hufungika kikawa bapa. Hapo ndipo nilipopata somo langu: nilinunua viti viwili vilivyochongwa kwa mti mbichi, na kufika Agosti kimoja kilikuwa kimepasuka kutoka juu hadi chini. Tangu hapo hukinyanyua kiti kwanza, kwa sababu mti mbichi ni mzito na hutoa ubaridi ukiushika, kisha hutazama ncha zake kama zina nyufa zilizojazwa rangi ya viatu. Usinunue usipa, dagaa wa ziwa hilo, ambao haujakauka sawasawa, kwa kuwa gari zima litanuka hadi Tukuyu. Usinunue kabisa pembe za ndovu wala ngozi za wanyama. Miche na mbegu ziacheni huko, na mazao mengine yaulizieni mpakani kabla ya kuyanunua, maana mwaka 2025 nchi hizi mbili ziliwahi kuzuiliana mazao ya kilimo.

Bebeni vikapu na mifuko ya kitambaa kutoka nyumbani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na mtakayofungiwa sokoni mtaiacha mpakani.

Siku ya kurudi kumbukeni saa. Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa mliyoipata wakati wa kwenda mtaipoteza wakati wa kurudi, na anayevuka Kasumulu alasiri atazikuta kona za Tukuyu gizani na katika ukungu.

Mkishafika nyumbani, wachungeni watoto kwa wiki kadhaa. Waliokulia Mbeya, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, hawana mazoea na malaria, nao wametoka kwenye ziwa lililo chini ya mita 500, ambako mbu ni wengi. Homa yoyote ikitokea, mwambieni daktari mara moja kwamba mlikuwa ziwani. Kisha, wiki 6 hadi 8 baada ya kuogelea mara ya mwisho, familia nzima ikapime kichocho, kwa sababu anayepima mapema zaidi anaweza kuambiwa ni mzima wakati minyoo haijaanza kutaga mayai.