Daftari la Moto: Namna ya Kupima Nishati ya Nyumba Yako kwa Mwezi Mmoja

Mimi ni katibu wa chama cha akina mama kumi na mmoja hapa Kiamunyi, Nakuru. Tulipoanza kununuliana mitungi ya gesi kwa zamu, nilitaka kujua gesi itatuokolea nini, nikauliza kila mmoja nyumba yake inatumia nishati kiasi gani kwa mwezi. Wote walinijibu kwa stima. Huyu tokeni za elfu moja, yule za mia saba. Hakuna aliyetaja makaa, na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimepishana na watatu kati yao kwa muuza makaa.

Siku hiyo nilianza daftari la pili, kando ya lile la chama. Nimeliweka mwezi mzima, kisha mwezi wa pili, na sasa nataka na wewe uliweke, kwa sababu nyumba nyingi zinabana taa huku pesa ikiishia jikoni.

Unahitaji mizani ya kuning'iniza yenye ndoano, ile ya dijitali inayobeba hadi kilo 50. Sisi tulichanga tukanunua moja, inazunguka nyumba kwa nyumba. Kabla ya kuiamini, ipime yenyewe: jaza mtungi wa plastiki maji lita tano, toa uzito wa mtungi mtupu, inapaswa kusoma kilo tano. Yetu ilizidisha gramu 40 tu, tukaikubali.

Anza na stima, kwa kuwa ndiyo rahisi. Chagua saa maalumu, mimi nilichagua saa moja jioni kabla sijawasha taa, na uandike yuniti zilizobaki kwenye mita. Ukinunua tokeni, andika yuniti ulizopewa, usiandike shilingi peke yake. Mwisho wa mwezi piga hesabu ya mwenye duka: bidhaa ya mwanzo, ongeza uliyonunua, toa iliyobaki. Mimi nilipata yuniti 38. Ikiwa unaishi ploti ambayo stima imo ndani ya kodi na mita iko kwa mwenye nyumba, hesabu kwa wati: taa ya wati 9 ikiwaka saa tano ni wati-saa 45 kwa siku, na kwa mwezi haifiki hata yuniti moja na nusu. Pasi ya wati 1,000 inakula kiasi hicho kwa saa moja na nusu. Yuniti moja ni kilowati-saa moja, na hicho ndicho kipimo tutakachobadilishia kila kitu kingine.

Gesi nayo haina ugumu, mradi ujue pa kutazama. Kila mtungi umechapwa juu yake uzito wake ukiwa mtupu. Utundike mtungi kwenye mizani, toa uzito huo, kinachobaki ni gesi. Pima siku ya kwanza na siku ya mwisho. Pima pia siku unayobadilisha mtungi, kabla hujaondoka dukani. Mmoja wetu aliletewa mtungi wa kilo sita uliokuwa na gesi kilo tano na gramu 300. Alikuwa ameutumia muuzaji huyo miaka minne. Gesi yangu ya mwezi ilikuwa kilo tano.

Sasa makaa. Hapa ndipo nilikaa siku nyingi zaidi, na nakuomba na wewe usiharakishe.

Makaa tunayanunua kwa gorogoro, mkebe tunaouita wa kilo mbili. Ni wa kilo mbili ukijazwa mahindi. Ukijazwa makaa, mizani yangu ilisoma gramu 640. Kwa muuzaji mwingine, ambaye makaa yake ni vipande vikubwa vyenye nafasi katikati, gramu 570. Kwa wa tatu gramu 750, nikafurahi, mpaka nilipoyaanika juani siku mbili yakashuka hadi 610: yalikuwa yamenyunyiziwa maji. Kwa hivyo andika uzito, si mikebe, na pima makaa yakiwa makavu. Vumbi lililobaki chini ya gunia lipime kando ulitoe. Ukinunua gunia zima, litundike kwenye mti au kwenye mlango, usikadirie kwa macho. Nilichoma kilo 28 kwa mwezi.

Kuni zina hila yake. Kuni mbichi inaweza kuwa nusu yake ni maji, na moto unaanza kwa kuyachemsha maji hayo kabla ya kukupikia wewe. Za kupima ni zilizokaa chini ya paa miezi kadhaa, ambazo ukizigonganisha zinatoa mlio mkali. Mimi huwasha mafiga matatu nyuma ya nyumba Jumamosi na Jumatano, kwa githeri na maji ya kuoga. Kila mara nilipima mzigo kabla, nikapima vijinga vilivyobaki baada ya kuvizima. Mwezi mzima: kilo 40.

Mwisho, mafuta. Mume wangu ana pikipiki ya kazi na mwanzoni hakutaka ihesabiwe, akisema hiyo ni biashara. Nikamwambia nishati haijui biashara. Aliandika lita 20.

Ukishapata hizi namba, zigeuze zote ziwe yuniti za stima. Zidisha kilo za gesi mara 13, makaa mara 8, kuni kavu mara 4, lita za petroli mara 9, na lita za mafuta taa mara 10 kama bado unatumia taa ya chemni au stovu. Hizo ndizo yuniti za stima zinazokaribiana na joto lililofungwa ndani ya kilo au lita moja ya kila kimoja. Kwangu ilikuwa hivi: makaa 224, petroli 180, kuni 160, gesi 65, stima 38. Jumla 667.

Tazama hiyo 38 ilivyojikunyata pale mwisho. Stima ni chini ya asilimia sita ya nishati ya nyumba yangu. Kuni na makaa ni asilimia 58.

Nilidhani nyumba yangu ni ya ajabu hadi nilipoiweka kando ya nchi. Hesabu za serikali kwa miaka mingi zimeonyesha kuwa takriban asilimia 68 ya nishati yote inayotumika Kenya hutoka kwenye kuni, makaa na mabaki ya mimea, takriban asilimia 22 kwenye mafuta ya petroli, na stima ni kama asilimia 9 tu. Sensa ya 2019 ilipouliza watu wanapikia nini, asilimia 55 ya nyumba zilisema kuni, 24 gesi, karibu 12 makaa. Waliosema stima hawakufika asilimia moja. Na sensa hiyo hiyo ilikuta nusu ya nyumba zikimulikwa na stima ya gridi. Ndivyo tulivyo: taa ya stima juu, moto wa kuni chini.

Naandika haya nikiwa kaunti ambayo mvuke wake unawasha nchi. Olkaria iko kwetu Nakuru, upande wa Naivasha. Mtambo wa kwanza pale ulianza kuzalisha mwaka 1981, na leo karibu nusu ya stima inayozalishwa Kenya inatoka kwenye jotoardhi: maji yaliyopashwa na miamba ya moto kilomita mbili tatu chini, yanapanda kama mvuke, yanazungusha mtambo. Kutoka Kiamunyi naona mlima Menengai, na huko mtambo wa kwanza wa megawati 35 ulianza kazi 2023. Dada yangu aliyeolewa Kisumu anajivunia maji: mtambo wa Sondu Miriu ni megawati 60, na maji yakishatoka pale hayaachiwi hivi hivi, yanapita tena mtambo wa Sang'oro kutoa megawati 21 nyingine. Ongeza upepo wa Ziwa Turkana, megawati 310, na stima inayotoka Ethiopia tangu 2022. Gridi yetu kwa sehemu kubwa ni safi. Moshi uko jikoni, na kwa nyumba yangu ulikuwa asilimia 58.

Kisha kuna jambo ambalo jumla ya 667 haionyeshi. Moto wote huo haukuingia kwenye sufuria. Ili ujue kiasi kilichoingia, fanya jaribio la lita mbili. Litakuchukua asubuhi moja, na usiliruke, maana hapo ndipo daftari linapoanza kukusaidia.

Tia lita mbili za maji ya bomba kwenye sufuria ile ile yenye kifuniko. Pima makaa kabla ya kuyatia, yawashe, chemsha, kisha uyaondoe haraka, uyafunike kwenye debe lisiloingiza hewa yazimike, na uyapime tena. Fanya hivyo kwa kuni. Kwa gesi pima mtungi kabla na baada. Mizani ya kuning'iniza huona gramu kumi kumi, kwa hivyo chemsha mara tatu ugawanye kwa tatu. Kwa birika la stima soma mita kabla na baada, huku kila kitu kingine kimezimwa, hata friji. Jaribio la makaa lifanyie nje. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini, na msimu wa baridi wa Julai hapa kwetu hatumalizi bila kusikia habari hiyo.

Hapa Nakuru, juu ya mita 1,800, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kuyafikisha hapo kutoka kwenye ubaridi wa asubuhi kunahitaji yuniti 0.17 kwa lita mbili. (Ndiyo sababu maharagwe yetu huchelewa kuiva kuliko ya Kisumu.) Nilipata hivi. Makaa: gramu 90, sawa na yuniti 0.72, yaani robo tu iliingia kwenye maji. Mafiga: gramu 330 za kuni, yuniti 1.3, asilimia 13. Gesi: gramu 26, yuniti 0.34, nusu. Birika: 0.2, asilimia 85.

Weka shilingi sasa. Mwezi huo gorogoro ilikuwa 80, gesi ya kilo sita 1,300, na tokeni za 500 zilinipa yuniti 18 na kitu. Ukigawanya bei kwa joto lililofika kwenye sufuria, si kwa kilo, yuniti moja ya joto la kupikia ilinigharimu shilingi 65 kwa makaa ya mkebe, 33 kwa gesi na 31 kwa stima. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu. Makaa tuliyokuwa tukiyaita ya watu wa chini ndiyo yaliyokuwa ghali mara mbili, kwa kuwa tunayanunua kidogo kidogo. Mwenye gunia anapunguza sana, lakini gunia linataka pesa ya pamoja, na hilo ndilo chama kinaweza.

Na usisahau mti ulio nyuma ya makaa. Tanuri la udongo linakula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya makaa. Zile kilo 28 zangu zilikuwa kilo 140 za miti kwa uchache. Jambo hili linanisumbua kila nikipanda gari la Molo nikaona milima ilivyo wazi.

Mwezi wa pili nilibadilisha vitu vitatu. Mahindi na maharagwe nililoweka usiku kucha, nikayachemsha dakika ishirini kwenye sufuria ya presha kwa gesi, kisha nikayatia ndani ya kapu lililojaa mablanketi mazee yakamalizia kuiva yenyewe hadi saa nane. Chai ya asubuhi ilihamia kwenye birika la stima. Jiko la bati nililibadilisha kwa lile lenye udongo ndani, na nikarudia jaribio la lita mbili: gramu 90 zikawa 68.

Kwa stima kuna mpaka wa kuangalia. Katika mpango wa bei ulioanza Aprili 2023, nyumba zisizozidi yuniti 30 kwa mwezi zina bei yao ya chini, kati ya 30 na 100 bei nyingine, na juu ya 100 nyingine tena, na wanatazama wastani wa miezi mitatu. Kama uko 27, birika linaweza kukuvusha mpaka, basi piga hesabu kwanza. Mimi nilikuwa tayari 38, hivyo birika halikunihamisha daraja.

Namba zangu za mwezi wa pili: stima yuniti 49, gesi kilo sita na nusu, makaa kilo 11, kuni kilo 14. Petroli lita 20, ile ile. Mizani sasa iko kwa mwekahazina, ambaye bado anaapa kwamba nyumba yake haitumii makaa mengi. Atapima hadi tarehe 30.