Jinsi ya kuziona seli nyeupe zikifuata kemikali, hatua kwa hatua

Mdogo wangu mmoja wa maabara juzi kaniuliza, dada, hivi seli nyeupe inajuaje kwamba kidole kimechomwa mwiba? Nikamwambia kesho njoo mapema tufanye kwa mikono, maana hii ukisoma tu haikai.

Kwa kifupi, tishu iliyoumia inatoa kemokaini, yaani protini ndogo za kuita seli, mfano IL-8, na zingine zinanata ukutani kwa ndani ya mshipa. Nyutrofili, aina ya seli nyeupe, inapita na damu, selektini, protini za ukuta wa mshipa, zinaishika kidogokidogo inabiringika, ikigusa kemokaini integrini zake, yaani protini zake za kushikia, zinakaza, inasimama, inajipenyeza nje alafu inaelekea kule kemikali inakozidi. Ni kama unatoka Posta unashuka Feri soko la samaki hapa Dar, samaki hujawaona bado ila pua inakwambia harufu inazidi upande gani. Tunapima hiyo safari ya mwisho.

Hatua ya 1. Damu mililita 10 ya mtu aliyeridhia, kibali cha maadili kiwepo, chupa yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Itumie palepale. Nyutrofili hazina maisha marefu, damu iliyokaa foleni ya Ubungo na hili joto letu mi siipokei.

Hatua ya 2. Tenga nyutrofili kwa sentrifuji, mashine ya kuzungusha, seli nyekundu zilizobaki zipasue kwa bafa (maji ya chumvi yaliyopimwa) yake, osha. Taratibu jamani, ukizitikisa kwa fujo zinaamka kabla ya kazi. Bafa ya mwisho iwe na kalsiamu na magnesiamu, bila hizo integrini hazishiki.

Hatua ya 3, hapa ndo penyewe. Chukua sahani ya visima 24 na vikombe vinavyokaa ndani ya visima, vyenye chujio la matundu ya maikromita 3. Seli ni pana zaidi ya mara mbili ya tundu, kwa hiyo haidondoki yenyewe, lazima ijibane ipite. Juu weka seli laki 5 kwenye maikrolita 100, chini maikrolita 600, na usiache povu chini ya chujio. Kisima A chini bafa tupu, B chini IL-8 nanomola 10 (nanomola ni kipimo cha ukolezi), C weka IL-8 kiasi kilekile juu na chini. Watu wengi wanaruka C, hata mi niliruka mara ya kwanza, seli zikavuka kibao nikafurahi, mwalimu wangu akaniuliza utajuaje zilikuwa zinafuata kemikali na sio kuchangamka tu zikatangatanga mpaka zikaangukia tundu? Sikuwa na jibu, nikarudia yote. Zikivuka B nyingi na C chache, hapo ndo unaweza kusema zimefuata njia.

Hatua ya 4. Inkyubeta nyuzi 37, saa 1. Umeme ukikatika katikati anza upya.

Hatua ya 5. Zilizonata chini ya chujio zibandue kwa EDTA ya baridi, kemikali inayonyang'anya kalsiamu, hesabu zote zilizovuka kwa hadubini, gawanya B kwa A ujue IL-8 imeongeza mara ngapi.

Ukitaka kuongeza, panga IL-8 nanomola 1, 10, 100 na 1000. Mdogo wangu alivyoona idadi inapanda alafu 1000 inashuka akadhani kakosea pipeti, akataka kumwaga. Nikamzuia. Hajakosea, kemikali ikizidi hivyo vipokezi vya seli vinajaa mbele na nyuma sawasawa, haioni tena tofauti, basi haijui iende wapi.