Kuzalisha farasi kwa mchezo wa intaneti mpaka banda lijilipe: vile tulifanya hatua kwa hatua

Mtoto wa tantini wangu alitoka Kenya jumapili moja, naongelea komini ya Kenya ya hapa Lubumbashi, akafika kwetu Katuba akaweka telefone mbele yangu hata bukari haijaiva. "Yaya, angalia. Farasi miye nauzisha kila siku lakini franga haiongezeki." Nikaangalia banda lake: farasi 31, sarafu za mchezo 90. Tukakaa mpaka saa tatu usiku tunapanga upya kila kitu. Leo banda lake linajilipa, kwa hiyo naandika vile tulifanya ju najua kuna wengine wamekwama palepale.

Naongelea michezo yenye kufuata jeni za kweli, ile ambayo ukimpima farasi inakuonyesha anabeba nini. Kama mchezo wako unatoa rangi kwa bahati tu, hatua ya 4 soma tu sehemu ya undugu, zingine zote zinakufaa. Kwa mchezo ninaocheza mimi siku moja ya kweli ni mwezi mmoja wa farasi, kwa hiyo mimba ya miezi 11, sawa na ya farasi wa kweli, inaisha kwa siku 11. Bei ninazotaja ni za kwangu, we weka za kwako.

Hatua 1: Akaunti

Fungua, pita mafunzo ya mwanzo, chukua zawadi ya kuanzia, usinunue kitu. Sarafu za mchezo usizinunue kwa dola zako za kweli, hata kidogo, maana ukianza hivyo hutajua kamwe kama banda lako linapata faida ao wewe ndo unalilisha.

Hatua 2: Kaye

Nunua kaye ya karatasi. Najua wengi wanapenda Excel, mi nilijaribu, lakini umeme ukikatika saa mbili usiku na ordinateri ikazima nabaki sijui jike gani nilimpandisha kwa dume gani. Kaye na biki haizimi. Kila jike apate ukurasa wake: tarehe aliyopandishwa, dume, alichokula, mtoto aliyezaa, bei aliyouzwa.

Ndani ya hiyo kaye ndo tuliona kosa la mdogo wangu, yule mtoto wa tantini. Yeye alikuwa anahesabu hivi: dume la mtu nimelipa 500, mtoto nimemuuza 1200, faida 700. Nikamuuliza, na mama yake alikula nini siku zote hizo? Akanyamaza. Tukapiga hesabu pamoja. Jike anakula 30 kwa siku, nafasi ya banda 10, jumla 40. Mimba siku 11, halafu mchezo unamtaka apumzike siku 6 ndipo apandishwe tena, zote pamoja siku 17. Mara 40 ni 680. Weka 500 ya dume, weka 150 ya kumpima mtoto jeni. Ni 1330. Amemuuza 1200. Kila mtoto aliyezaliwa alikuwa anamkula 130, na kadiri alivyozalisha mingi ndivyo alivyozidi kuzama, akidhani anafanya kazi nzuri.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza popote, andika mtoto huyu atanigharimu ngapi, halafu uende kwa soko uangalie wa aina yake wameuzwa ngapi. Nasema WAMEUZWA, si wanaouzwa. Mtu anaweza kuweka farasi 5000 na akakaa pale mwezi mzima.

Hatua 3: Punguza banda, nunua majike wachache

Tuliuza 22 kati ya wale 31 usiku uleule. Ilimuuma, kuna mmoja alimpa jina la mbwa wao aliyekufa, huyo nikamwambia amwache. Lakini farasi asiyezaa na asiyeshinda anakula 40 kila siku sawa na bingwa.

Majike wanne wanatosha kuanza. Dume la kwako usinunue kabla ya kufikisha hao wanne, ju naye anakula 680 kwa siku zile 17: ukiwa na jike mmoja dume la kwako ni ghali kuliko kulipa 500 kwa jirani, ukiwa na wanne gharama yake inagawanyika, 170 kwa kila mtoto, na hapo ndipo 1330 inashuka mpaka 1000 kamili. Madume wengine wote wanaozaliwa wahasi, maksai wanaenda mashindano vizuri tu na watu wanawanunua.

Hatua 4: Kupandisha, na hapa tafadhali usiharakishe

Hapa ndipo mi nilipoteza miezi mitatu.

Rangi inayotoka haraka kwa soko letu ni palomino, ile ya dhahabu yenye singa nyeupe. Nikafikiri vile kila mtu anafikiri: nataka palomino, basi napandisha palomino kwa palomino. Watoto 8 wa kwanza wakatoka hivi: palomino 4, alezani 2, na wawili weupe-weupe wenye macho ya bluu ambao hakuna mtu aliwataka. Hao wawili niliwauza kwa bei ya chakula. Nikarudia, nikabadilisha dume, nikabadilisha majike, nikanunua palomino wa ghali zaidi, nusu kwa nusu palepale. Nikaamini mchezo umeharibika, nikaandikia hata wenye mchezo.

Mchezo haukuharibika. Alezani, yule mwekundu wa kahawia mwili mzima, ni farasi aliyepokea herufi e mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Ukimwekea jeni ya krimu moja juu yake anakuwa palomino. Ukimwekea krimu mbili anakuwa kremelo, yule mweupe wa macho ya bluu. Sasa palomino ana krimu moja tu, kwa hiyo mtoto anaipata ao anaikosa. Palomino kwa palomino inaleta robo alezani, nusu palomino, robo kremelo. Palomino kwa alezani inaleta nusu palomino na nusu alezani. Hata ununue palomino wa bei gani, nusu huipiti. Lakini kremelo ana krimu mbili, hana namna ya kumnyima mtoto, akipandishwa kwa alezani watoto wote wanatoka palomino. Wote. Na alezani ndo farasi wa bei ya chini kabisa kwa soko. Wale wawili niliowatupa kwa bei ya chakula ndio walikuwa mali yenyewe.

Kwa hiyo mpango niliompa mdogo wangu: dume kremelo mmoja, majike alezani wanne wenye mwili mzuri na pointi nzuri. Ila kuna mitego, na yote nimeanguka ndani.

Kwanza, kremelo usimjue kwa macho. Kuna perlino anayefanana naye sana, huyo ni krimu mbili juu ya bai, yule wa kahawia mwenye singa nyeusi, yaani ana herufi E kubwa ndani, moja ao mbili. Ukimpandisha kwa alezani unaweza kupata bakskini, mwili wa dhahabu lakini singa nyeusi, na muuzaji alikuandikia "kremelo" kwa tangazo bila ubaya kwa sababu naye aliangalia picha tu. Pima jeni kabla ya kulipa: unataka uone ee, na krimu mbili. Muuzaji akikataa farasi apimwe, achana naye.

Pili, jeni ya kijivu. Moja tu inatosha kufunika rangi zote. Mtoto anazaliwa dhahabu, unamuuza palomino, mwaka wa tatu wa mchezo ameanza kuwa mweupe na mnunuzi anarudi kwako amekasirika, na yuko sahihi. Kijivu haitoki hewani, lazima mzazi mmoja awe nayo, kwa hiyo fungua ukurasa wa baba na mama wa kila farasi unayenunua akiwa mdogo.

Tatu, na hii inaniumiza mpaka leo, jeni ya freme, ile ya mabaka meupe ya overo inayojulikana kwa farasi wa Paint wa Marekani. Mtoto akipokea moja hana shida. Akipokea mbili anakufa. Kwa farasi wa kweli anazaliwa mweupe, utumbo haufanyi kazi, hamalizi siku nyingi. Kwa mchezo unapata ujumbe tu kwamba mtoto hakupona, siku 11 zimeenda na chakula chote. Ukipandisha wabebaji wawili ni robo ya watoto. Nilikosa wawili hivyo kwa sababu jike wangu alikuwa na alama ndogo tu kwenye uso, freme inaweza kujificha namna hiyo, sikufikiria kumpima. Mbebaji si lazima umuuze, mpandishe tu kwa asiyebeba.

Nne, undugu. Ukiwa na dume zuri unatamani kumpandisha kwa mabinti zake. Mtoto wa baba na binti ana undugu wa asilimia 25, sawa na wa kaka na dada wa baba na mama mmoja. Wa baba mmoja na mama tofauti ni 12.5. Wa mabinamu 6.25. Kwa mchezo wangu ukipita 10 pointi za mwili zinaanza kushuka, na wanunuzi wazuri wanaangalia namba hiyo kabla ya picha. Mi sipiti 6.25. Kuna watu watakuambia hata farasi wa mbio wa kweli, mistari yao yote ya kiume inarudi kwa madume 3 tu, Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Ni kweli, lakini hao waliishi miaka zaidi ya 250 iliyopita na majike walikuwa wengi. Wewe una banda la farasi 9. Badilishana dume na rafiki kila kizazi cha pili.

Hatua 5: Mashindano

Usiingize farasi kwa kila kitu. Chagua aina moja ya mashindano kulingana na pointi zake za juu, kuruka ao mwendo, ubaki hapo. Angalia ada ya kuingia na wangapi wameshaandikishwa: mashindano madogo ya usiku yenye washindani wachache yalitulipa kuliko yale makubwa yenye zawadi ya kung'aa, na tena usiku ndo mega za intaneti ni za bei nafuu. Jike mwenye mimba apumzike. Kazi kubwa ya mashindano si zawadi yenyewe, ni ukurasa wa mama: jike aliyeshinda mara chache, mtoto wake anapanda bei kabla hata hajazaliwa. Alezani wa kawaida wa mdogo wangu alishinda mara tano kwa kuruka, mtoto wake wa kwanza palomino akatoka 1900, wakati gharama ilikuwa 1000 na ada za mashindano kama 100.

Hatua 6: Kuuza

Bei ya kudumu, si mnada, labda uwe na farasi ambaye watu wanamgombania kweli. Kwa tangazo andika jeni zote, asilimia ya undugu, ushindi wa mama, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza kifupi, maana wanunuzi wengi wako mbali. Wengi wetu hapa tumekua bila kumgusa farasi hata mmoja, mbung'o na nagana, ule ugonjwa anaoueneza, vimewafanya kuwa wachache sana inchini, na mwanzoni niliogopa watu wa Ulaya wataona sijui kitu. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Wanauliza kama nimepima freme.

Weka tangazo siku mtoto anapopimwa, usingoje akue, ju kila siku anayokaa kwako unaongeza 40 kwa kaye. Asipotoka siku saba, shusha kidogo. Ikipita kumi na nne na bado yuko, angalia pointi zake, kama ni jike mwenye mwili mzuri mbakize achukue nafasi ya mama yake akizeeka, kama sivyo shusha mpaka atoke, andika hasara kwa ukurasa wa mama yake, na jike akiandikiwa hasara mara mbili mfululizo naye anaenda kwa soko.