Namna ya Kugawa Maamuzi kati ya Makao Makuu na Matawi

Kwanza orodhesha maamuzi yote ya mwezi mmoja, kisha ujiulize ni nani aliye karibu zaidi na taarifa zinazohitajika katika kila uamuzi. Mikopo ambayo kampuni yenyewe inachukua na viwango vya mishahara vibaki makao makuu, kwa kuwa kosa moja huko huumiza matawi yote. Malalamiko ya wateja na ratiba za zamu viamuliwe tawini.

Benki ya Handelsbanken ya Uswidi, chini ya Jan Wallander aliyeanza kuiongoza mwaka 1970, iliyaachia matawi uamuzi wa kukopesha wateja wake, jambo lililohitaji ujasiri mkubwa.

Mwandikie kila meneja kikomo chake cha fedha, na usitengue uamuzi alioufanya ndani ya kikomo hicho.