Kuomba taarifa za ajira serikalini bila kugusa siri za wenzako

Umefanya usaili Dodoma, jina lako halimo kwenye orodha ya walioitwa kazini, na unataka kujua kilichotokea. Andika barua mbili, usiandike moja. Namna mchakato ulivyoendeshwa huombwa kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo haki yake ni ya raia. Alama zako mwenyewe huombwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ukizichanganya, sehemu yenye utata itachelewesha ile nyepesi.

Jua kwanza nani ameshika nini. Usaili ukiwa umeendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, alama ziko huko. Swali la kibali cha ajira liende Ofisi ya Rais Utumishi, Mtumba. Walioripoti kazini anawajua mwajiri.

Barua ya kwanza iombe kumbukumbu, isiombe maelezo. "Kwa nini sikuchaguliwa?" ni malalamiko, na itajibiwa kama malalamiko. Andika hivi: "Naomba idadi ya waombaji, walioitwa kwenye usaili wa mchujo, waliofika mahojiano na waliopangiwa kazi, kwa kada hii, tangazo la tarehe hii, na alama ya chini iliyotumika kila hatua." Taja kumbukumbu namba ya tangazo. Anayeomba "taarifa zote za usaili" humpa afisa sababu ya kusema ombi halieleweki.

Majina ya wenzako yaache, pamoja na vyeti vyao, namba zao za NIDA na hali zao za afya. Hapa ndipo maombi mengi mazuri yanapokwama, maana ombi zima linaweza kukataliwa kwa kugusa faragha ya mtu. Hata takwimu humfichua mtu: kama kada ilikuwa na mwombaji mmoja tu mwenye ulemavu, kuuliza wastani wa alama za kundi hilo ni kuuliza alama zake. Omba makundi yaunganishwe. Ukihitaji nyaraka yenye majina, omba nakala ambayo majina yamefutwa.

Peleka nakala mbili masjala; yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo huna pa kuanzia kuhesabu siku 30 ambazo sheria inampa afisa taarifa kujibu. Ukinyimwa, dai sababu kwa maandishi, kisha ndani ya siku 30 omba mkuu wa taasisi apitie uamuzi. Asiporidhia, rufaa huenda kwa Waziri mwenye dhamana ya sheria.

Barua ya pili ni fupi: jina lako kama lilivyo kwenye akaunti ya maombi, namba ya usaili, tarehe, na nakala ya kitambulisho, ili alama zako zisije zikapewa mtu mwingine. Ukikuta kosa, omba lirekebishwe. Wakikataa, lalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ukiambatisha nakala ya barua hii ya pili, nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa.