Jinsi ya kuona fotorespiresheni kwa macho: mahindi, maharage na kopo la pipi

Hii mada ukiisoma kwenye notsi za form six inachosha, mishale kibao, mara kloroplasti mara mitokondria, unakariri unajibu mtihani unasahau. Mimi niliielewa siku nilipofungia mahindi na maharage kwenye kopo moja, maharage yakafa huku mahindi yapo tu yanapeta. Ngoja nikuelekeze, gharama yake haifiki hata nauli ya bodaboda.

Kwanza ujue unachokitafuta. Ndani ya jani kuna kimeng'enya kinaitwa rubisko, kazi yake kudaka hewa ukaa mmea upate kutengeneza sukari. Sasa hiki jamaa hakiko makini, kinachanganya hewa ukaa na oksijeni, kwenye nyuzi 25 hivi karibu robo ya madako yake ni oksijeni na joto likipanda ndo kinakosea zaidi. Kikikosea mmea unabaki na uchafu wa kusafisha, unachoma nguvu kuusafisha na sehemu ya ukaa uliokwisha kudakwa inatoka tena. Hiyo ndo fotorespiresheni. Na usikilaumu sana, kilianza zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, enzi hizo oksijeni hewani karibu hakuna, kingechanganya na nini?

Mahindi, mtama, miwa, hata mchicha (eeh, mchicha huu wa mboga) vina ujanja unaitwa C4: vinadaka ukaa kwa kimeng'enya kingine kisichohangaika na oksijeni, halafu vinausukuma ndani kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, huko rubisko inakuta ukaa umejaa tele. Maharage, mpunga, ngano na muhogo havina.

Haya, chukua makopo mawili makubwa ya plastiki angavu, yale ya pipi dukani, yenye mfuniko wa kukaza. Mchanga uoshe mpaka maji yatoke masafi kisha uchemshe. Usitumie udongo wa shamba jamani, mimi mara ya kwanza niliweka udongo mweusi wenye samadi nikasubiri wiki mbili maharage yakazidi kunawiri, kumbe vijidudu vya kwenye udongo vilikuwa vinapumua vinanilishia maharage hewa ukaa. Kopo la kwanza panda mahindi 6 na maharage 2, la pili maharage 2 peke yake. Acha wazi yakue, usiwe na haraka, subiri zile nusu mbili za mbegu zilizotoka juu na mche wa haragwe zisinyae zidondoke, maana zikiwepo mche unakula akiba na hutaona kitu. Hapo mwagilia kidogo, funga, paka vaselini kwenye nyuzi za mfuniko, zungushia selotepu. Weka penye mwanga mkali ila jua lisipige moja kwa moja, jaribio langu la pili nililipika juani hivyo hivyo, saa nane mchana kila kitu kilikuwa mlenda.

Sasa angalia. Ndani ya wiki moja mpaka mbili haragwe lililofungwa na mahindi linaanza njano majani ya chini, linalegea, ila lile la kopo la pili bado lipo. Bibi yangu alichungulia akauliza, "mjukuu wangu, haya maharage umeyaloga?" Kinachotokea ni kwamba hewa ya nje ina ukaa zaidi ya chembe 420 kwa kila milioni, ndani ya kopo ukaa ukishuka mpaka kama 50 haragwe linapoteza sawa na linachodaka, mahindi yenyewe yanaendelea kunyonya mpaka karibu na sifuri. Kwa hiyo mahindi yanaushusha ukaa chini ya ile 50 ya haragwe, nalo linavuja ukaa wake kila siku mpaka linakwisha.

Shambani haifiki huko, lakini kuvuja kupo. Kwa Marekani imekadiriwa ngano inapoteza kama asilimia 20 ya mavuno na soya 36. Mwaka 2019 watafiti wa Illinois waliichepushia tumbaku njia fupi ya kusafisha ule uchafu, mimea ikawa mikubwa kwa asilimia 40 hivi shambani, ila hiyo ni tumbaku na ni majani, tusikimbilie kusema ugali umepatikana.

Wewe cha kufanya: jani lenye kiu linafunga matundu yake, ukaa ndani unapungua, rubisko inageukia oksijeni, kwa hiyo maharage usiyapande yakatoa maua kwenye joto kali na ukame, tandaza majani makavu yashike unyevu, na kama eneo lako ni la jua la kuchoma mtama utakulipa kuliko kulazimisha.

Kopo ukimaliza, haragwe likiwa na shina la kijani usilitupe. Fungua mfuniko uliache dirishani, langu moja lilichipua upya pembeni siku ya nne.