Askari mstaafu na kazi ya uraiani: namna ya kumsaidia, hatua kwa hatua

Hapa Arusha na Moshi, mwanajeshi akistaafu, ushauri wa kwanza anaopewa ni "nenda ukalinde." Ulinzi ni kazi ya heshima na wapo wanaoipenda. Lakini nimekaa na wastaafu walioendesha stoo, gereji na majiko makubwa jeshini, na leo wako getini wakifungulia magari kwa sababu hakuna aliyewauliza walikuwa wakifanya nini huko. Hilo linaniuma. Mwongozo huu ni wa yeyote anayemsaidia mstaafu: mtoto wake, jirani, kiongozi wa Muungano wa Wanajeshi Wastaafu (MUWAWATA), au afisa utumishi anayetaka kumwajiri.

Hatua ya 1: Uliza kazi, usiulize cheo

Ukiuliza "ulikuwa nani jeshini?" utajibiwa kwa neno moja: koplo, sajenti, afisa mteule. Meneja wa kampuni ya utalii pale Sakina hajui koplo hufanya nini kutwa. Kwa hiyo uliza hivi: Baada ya gwaride la asubuhi ulikwenda wapi? Nani walipokea maagizo yako? Ulikabidhiwa nini kwa maandishi? Karatasi gani haikupita bila saini yako? Kitu kikipotea, aliulizwa nani?

Swali la saini silikosi kamwe, maana ndilo linaloonyesha dhamana aliyobeba. Na usiwe na haraka. Wengi wamezoea kusema "sisi" na wanaona aibu kujitaja. Mwache asimulie, kisha mrudishe taratibu: "Mzee, hapo kwenye mafuta, wewe ndiye uliyekuwa unatumbukiza kijiti kupima tangi?" Atasema ndiyo, alikuwa akipima asubuhi na jioni, anaandika kwenye rejista, na namba zisipolingana gari halitoki. Hapo umepata kazi nzima aliyotaka kuipita kimya. Andika yote kwenye daftari, kwa maneno yake.

Kuna mpaka. Habari za silaha, mpangilio wa kambi na mambo ya operesheni usiyaguse; siri za jeshi zinamfunga hata akiwa nyumbani. Akinyamaza, nyamaza naye, uende swali jingine. Kushiriki kulinda amani Darfur, Lebanoni au Kongo si siri: nchi na mwaka vinatosha, na humwonyesha mwajiri kwamba huyu ameshafanya kazi na watu wa mataifa mengine.

Hatua ya 2: Andika CV inayosomeka uraiani

Mfano wa CV ninazoletewa: "Sajenti. Bohari. Miaka 12." Baada ya mazungumzo yale, mstari huo huwa hivi: "Msimamizi wa stoo ya spea na mafuta. Nilipokea, kukagua na kugawa mali kwa hati. Niliongoza wasaidizi wanne. Nilihesabu mali kila mwisho wa mwezi na kuandika taarifa ya upungufu." Idadi zitoke kwake, usimtungie hata moja, kwa sababu ataulizwa.

Vyeo navyo vifafanue. Koplo anayeongoza seksheni amesimamia watu kama kumi. Sajenti wa platuni ameshughulika na watu kama thelathini: ruhusa zao, ugonjwa wao, chakula chao, ugomvi wao. Kiwandani mtu huyo anaitwa msimamizi wa zamu, na ndivyo uandike. Kurasa mbili zinatosha. Picha iwe ya nguo za kiraia. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha sare walizo nazo, na suala hilo si la kuchezea.

Hatua ya 3: Tafuta cheti cha ujuzi alionao tayari

Fundi aliyejifunzia kazini hahitaji kuanza darasa upya. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mhusika anapimwa kwa vitendo na kwa maswali, anaelekezwa pale penye pengo, kisha anapewa cheti. Ufundi magari, umeme, uchomeleaji na upishi ni kati ya fani zinazohusika. Ulizeni VETA Moshi au Arusha.

Dereva, kagueni leseni yake. Daraja C ni la magari ya abiria, E ni la magari makubwa, na yote mawili yanadai mafunzo mahususi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) ni mojawapo ya vyuo vinavyoyatoa.

Hatua ya 4: Bisheni hodi panapofaa

Arusha, anzeni na kampuni za safari. Land Cruiser hurudi kutoka Serengeti na Ngorongoro springi zimekatika, na kila kampuni inahitaji fundi, mtunza spea na mtu wa kupanga magari yatoke kwa wakati. Nendeni Aprili au Mei, masika, wageni wakiwa wachache: magari yako gereji na meneja ana nafasi ya kukaa na mtu. Ukifika Julai hatakuona.

Moshi, fikirieni kampuni za kupandisha wageni mlimani. Mahema, majiko, mitungi na vyakula lazima vihesabiwe vikitoka na vikirudi, na mzigo wa mpagazi hupimwa usizidi kilo 20. Kwa aliyeshika bohari hii ni kazi anayoijua. Kuna pia kiwanda cha sukari cha TPC, hospitali ya KCMC, na shule za bweni zinazotafuta patroni au msimamizi wa jiko.

Kuhusu askari wa hifadhi, mwambieni ukweli mapema: nafasi hizo huwa na kikomo cha umri.

Na yeyote anayedai pesa ya "fomu ya ajira," achaneni naye palepale. Matapeli wanajua mstaafu ana kiinua mgongo.

Hatua ya 5: Fanyeni mazoezi ya usaili

Mara nyingi anasimama wima, anajibu "ndiyo afande," kisha kimya. Mzoeze kukaa, kumtazama anayemhoji, na kutoa mfano kwa kila jibu. Anayemhoji anaweza kuwa binti wa rika la mwanawe, atakayemwamkia shikamoo halafu aanze kumbana maswali. Aitikie marahaba, ajibu bila kujiona ameshushwa. Mtafute binti wa namna hiyo mtaani afanye naye mazoezi.

Swali la kuliandaa zaidi: "Mfanyakazi akikataa maagizo yako utafanya nini?" Jeshini jibu linajulikana. Uraiani, anamwita pembeni, anasikiliza sababu, na akirudia anaandika taarifa kwa ofisi.

Hatua ya 6: Someni mkataba kabla ya saini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka masharti ya kazi yawe kwa maandishi. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, za ziada zilipwe mara moja na nusu, na likizo ya mwaka ni siku 28. Mwajiri akisema "wewe una pensheni" ili apunguze mshahara, kataeni kwa adabu: pensheni ni malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya kwingine.

Mwezi wa kwanza ukiisha, mpigie simu. Muulize zamu zake, muulize kama amepewa nakala ya mkataba, na mwombe akusomee hati ya mshahara mstari kwa mstari.